Leza na Tatizo la Kupima Radikali ya Haidroksili Angani

Makala haya yanachunguza tatizo moja la spektroskopia ya leza, yaani namna ya kupima radikali huru ambayo chombo cha kupimia chenyewe chaweza kuizalisha. Istilahi "radikali" haihusiani hapa na siasa. Ni atomu, au kundi la atomu, lenye elektroni isiyo na mwenzi, na kwa sababu hiyo halitulii mpaka limeinyang'anya molekuli nyingine sehemu yake.

Mfano ulio bora ni haidroksili (OH). Mwaka 1971 Hiram Levy alieleza jinsi inavyotokea katika tabaka la chini la angahewa: mwanga wa urujuanimno huvunja ozoni, atomu ya oksijeni iliyosisimuliwa hukutana na mvuke wa maji, na haidroksili mbili huzaliwa. Hiyo ndiyo inayoondoa hewani sehemu kubwa ya methani na monoksidi ya kaboni. Hata hivyo huishi takriban sekunde moja au pungufu. Katika sentimita moja ya ujazo ya hewa, yenye molekuli zipatazo 2.5 × 10¹⁹, haidroksili za mchana ni milioni chache tu.

Leza humulika kwa urefu wa wimbi unaofyonzwa na OH, nayo OH hurudisha mng'ao unaohesabiwa fotoni moja moja. Vipimo vya miaka ya 1970 vilitumia nanomita 282, na hapo ndipo pakaharibika. Mwanga uleule ulivunja ozoni, ukazaa haidroksili mpya, zikahesabiwa pamoja na za asili. Mtafiti alikuwa akivuna alichopanda mwenyewe.

Mwaka 1984 Hard, O'Brien na wenzao wa Portland State University, Marekani, walichapisha mbinu ya kuipitisha hewa katika tundu dogo hadi kwenye chumba cha kanieneo ndogo, ambamo ozoni na mvuke hupungua na mng'ao hudumu zaidi. Baadaye ilichaguliwa nanomita 308, ambapo ozoni hufyonza mwanga kidogo zaidi ya mara 20.

Shaka haikwisha. Misituni vipimo vilizidi makadirio ya nadharia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, kutoka msitu wa misonobari wa California, uliondoa OH kwa kemikali kabla hewa haijaingia chomboni. Ishara ikabaki kwa kiasi kikubwa. Ishara hiyo iliyobaki haikutoka msituni.