Dondoo muhimu: Vifaa vya mkononi vya mtafuta dhahabu

Moramu ya Biharamulo na Ngara haina huruma na chuma laini, kwa hiyo kagua zana kabla ya kuwasha mashine ya kutambua dhahabu.

1. Nunua sururu fupi iliyofuliwa kwa springi ya gari. Bati hupinda siku ya kwanza.
2. Mpini uwe wa mti mgumu uliokauka. Mbichi husinyaa, kichwa kikachomoka.
3. Pitisha udongo kwenye mashine kwa chombo cha plastiki, maana chuma huipigisha kelele bure. Kopo la plastiki la mafuta ya kupikia lililokatwa linatosha kabisa.
4. Kisu cha kukunja kiwe na kufuli, la sivyo kitakufungia vidole.
5. Kata nacho mizizi tu, usikigeuze mtaimbo.
6. Usichimbe bila leseni ya Tume ya Madini au ruhusa ya mwenye leseni.
7. Fukia mashimo, ng'ombe wa watu wanapita.