Alama Inapokosekana: Saratani ya Utumbo Mpana Inavyoanza

Mkazi wa Njiru, hapa Nairobi, anaijua alama nyekundu ya X. Ikishapakwa ukutani mwa nyumba, kinachosubiriwa ni tingatinga la kuibomoa. Ndani ya seli zetu kuna kazi kama hiyo, tena ya usiku na mchana. Protini isiyohitajika hubandikwa alama ndogo iitwayo yubikwitini, kisha huingizwa kwenye mtambo uitwao proteasomu na kukatwakatwa vipande. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kuugundua utaratibu huu. Nauleta kwako kwa sababu saratani ya utumbo mpana mara nyingi huanzia hapo, pale protini moja inapokosa kutiwa alama.

Ukuta wa ndani wa utumbo mpana umejaa vishimo vidogo mno. Seli huzaliwa chini ya kishimo, hupanda, na baada ya siku chache hufika juu, hufa na kutoka na choo. Protini iitwayo beta-katenini ndiyo inayoziamuru zigawanyike. Chini kishimoni inaachwa, maana seli mpya zinahitajika. Kadiri seli inavyopanda, beta-katenini lazima ivunjwe, na protini nyingine, APC, husaidia kuishika hadi itiwe alama. Nakala zote mbili za jeni ya APC zikiharibika, hakuna wa kuishika. Beta-katenini hujazana, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za ukuaji. Seli iliyopaswa kufa inabaki ikizaana. Hitilafu hii ya APC hupatikana katika takriban saratani 8 kati ya 10 za utumbo mpana.

Kwanza hutokea kinyama kidogo, polipu. Nyingi hazigeuki saratani kamwe, na zinazogeuka huchukua kama miaka 10, kwa kuwa jeni nyingine pia lazima ziharibike. Miaka hiyo ni mali yetu! Daktari akipitisha kamera kwenye njia ya haja kubwa anaweza kuiona polipu na kuikata papo hapo, kabla haijawa ugonjwa.

Kinachoniumiza ni jinsi tunavyoipoteza miaka hiyo dukani kwa mwenye kemisti. Mtu anaona damu chooni, ananunua dawa ya bawasiri. Mwezi ujao anapewa ya amiba. Ni kweli bawasiri ni nyingi kuliko saratani, lakini damu haijitambulishi kwa rangi, na mtu anaweza kuwa na yote mawili. Ukiona damu, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, tumbo likikusokota mara kwa mara, ukikonda bila sababu, au ukiambiwa huna damu ya kutosha na chanzo hakijulikani, nenda kituo cha afya. Mweleze daktari wazi, bila haya, ilianza lini. Kubali kupimwa kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, na uulize kuhusu kipimo cha damu iliyofichika kwenye kinyesi na kile cha kamera. Wa huku kwetu Njiru wengi huanzia Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Matibabu ya saratani yenyewe yanapatikana Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa.

Kuhusu chakula, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 akihusisha uchache wa ugonjwa huu Afrika na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Githeri, sukuma na ugali wa unga wa posho mill usiokobolewa bado vina heshima yake. Smokie na soseji za kila siku ni jambo jingine: mwaka 2015 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikadiria kuwa gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani hii kwa asilimia 18.

Kuna familia zinazorithi jeni mbovu ya APC. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu kuipata, na uchunguzi wao huanza utotoni. Kwa wengine, ikiwa mzazi, kaka au dada aliwahi kuugua saratani hii, ulizia aligunduliwa akiwa na umri gani. Toa miaka 10. Huo ndio umri wako wa kuanza kupimwa, au miaka 40, utakaotangulia.