Kutaka Kurudi na Kuweza Kurudi

Tufani iitwayo Katrina ilipopiga pwani ya kusini ya Marekani, tarehe 29 Agosti 2005, kuta za kuzuia maji za mji wa New Orleans zilibomoka, na karibu sehemu nne katika tano za mji zikafunikwa na maji. Watu zaidi ya milioni moja wa pwani ile walihama makwao. Wengi walifika Houston na Baton Rouge, wakapewa chakula na malazi. Wengine hawakurudi kamwe, na sababu zake zafaa kuangaliwa.

Jimbo la Louisiana lilianzisha mpango wa fedha ulioitwa Road Home, wa kumsaidia mwenye nyumba hadi dola 150,000. Kipimo kilikuwa thamani ya nyumba kabla ya tufani, au gharama ya kuitengeneza, yoyote iliyo ndogo. Hapo ndipo palipokuwa na dhuluma. Mbao na misumari huuzwa bei moja kwa wote, bali nyumba za mitaa ya Wamarekani weusi zilithaminiwa chini kuliko nyumba za namna ile ile katika mitaa ya wazungu. Basi wengi walipewa fedha zisizotosha kuzitengeneza nyumba zao. Kesi iliyofunguliwa juu ya jambo hili ilimalizwa kwa mapatano mwaka 2011, miaka sita baada ya maji.

Tena ilitakiwa hati. Katika mtaa wa Lower Ninth Ward nyumba nyingi zilirithiwa kwa mdomo tu, na jina lililoandikwa ni la babu aliyekwisha kufa. (Wasomaji wetu hawatalistaajabia hilo.) Mjukuu aliyezaliwa mle ndani alishindwa kuthibitisha kwamba nyumba ni yake.

Mpangaji je? Huyo alikumbukwa kwa uchache zaidi. Desemba 2007 baraza la mji liliidhinisha kubomolewa kwa mitaa minne ya nyumba za serikali, yenye makao karibu 4,500. Hospitali ya Charity, tegemeo la maskini, ilikuwa imefungwa; na watumishi wa shule zaidi ya 7,000 walikuwa wameachishwa kazi.

Mwaka 2000 mji ulikuwa na watu 484,674. Mwaka 2010, watu 343,829. Wako waliochagua kubaki ugenini, wala hatuwalaumu. Lakini twaona kwamba aliyehamishwa na tufani yampasa kuulizwa mapema, angali katika malazi ya muda: hati iko kwa jina la nani, alipanga wapi, watoto wake watasoma wapi, na mgonjwa wake atatibiwa na nani.