KASI YA MAJI NA KINGO ZA MITO YA EASTLANDS

Mto Nairobi hutoka katika kinamasi cha Ondiri, karibu na Kikuyu, hushuka kupitia mjini, kisha hupita Gikomba, Shauri Moyo na Dandora. Siku za kiangazi maji yake huwa machache, nayo huenda polepole. Lakini katika masika ya mwaka 2024 mto huo, pamoja na mito ya Mathare na Ngong, ilifurika. Watu walikufa na nyumba nyingi zikachukuliwa. Yafaa basi kila akaaye karibu na mto ajue maji hupata wapi nguvu hizo.

Nguvu hizo hutokana na kasi. Kasi ya maji ikizidi mara mbili, uzito wa jiwe kubwa kabisa yanaloweza kulisukuma huweza kuzidi hata mara 64. Ndiyo maana jiwe lililolala kiangazi chote bila kutikisika huonekana limehama baada ya mvua ya usiku mmoja.

Mwaka 1935 mtaalamu wa Uswidi, Filip Hjulström, alionyesha jambo la ajabu. Mchanga hung'oka kwa urahisi; kasi ya kama sentimeta 20 kwa sekunde yatosha kuuanzisha. Udongo wa mfinyanzi, ingawa chembe zake ni ndogo zaidi, hushikamana, nao hutaka kasi kubwa zaidi. Lakini ukiisha kung'oka hauzami upesi. Hata maji ya polepole huuchukua mbali. Maji ya Mto Nairobi huingia katika Mto Athi, na mto huo, uitwao Sabaki ufikapo pwani, huipaka bahari ya Malindi rangi ya udongo.

Tena kasi si sawa kila mahali. Mto upindapo, maji ya upande wa nje huenda mbio na kuukata ukingo. Ya upande wa ndani hupunguza mwendo na kuacha mchanga. Ajengaye juu ya ukingo wa nje amejenga mahali panapoliwa kila masika, ijapokuwa juu yaonekana imara.

Binadamu naye huongeza hatari. Atupaye kifusi mtoni ili apate kiwanja huipunguza njia ya maji. Maji yale yale yakipita mahali pembamba hayana budi kwenda mbio zaidi, yakaula ukingo wa jirani wa ng'ambo. Takataka zikiziba chini ya daraja, maji ya nyuma yake hutulia na kuacha matope. Sakafu ya mto huinuka, na mvua ifuatayo humwagika mitaani.

Mwaka 2024 Serikali iliamuru watu waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame. Wengi waliobomolewa nyumba waliumia sana. Hata hivyo ukanda huo una kazi yake: hapo mafuriko hutanuka na kupungua kasi, na mizizi ya nyasi na mianzi huushika udongo.

Basi atafutaye mahali pa kukaa na autazame mto kwanza wakati wa kiangazi. Ukingo uliosimama wima, wenye mizizi inayoning'inia, ni alama kwamba maji ya masika hupita hapo kwa kasi.