Kutia Picha ya Jalada katika Nyimbo za Simu

Wimbo ukinakiliwa Nakivale kwa kadi ya simu, mara nyingi hutufikia hapa Nyamitanga bila jina wala sura ya mwimbaji. Yafaa picha ya jalada itiwe ndani ya wimbo wenyewe. Ikikaa kando katika folda, huachwa nyuma. Faili ya MP3 ina mahali pa maelezo paitwapo ID3, na toleo la 1998 lilianza kupokea picha. Programu ya Mp3tag huifanya kazi hiyo.

Basi, lipige picha jalada la kaseti ya mzee kabla halijaliwa na mende. Ipunguze: wimbo wa dakika 4 huwa kama megabaiti 4, na picha ya simu yaweza kufika 3! Ukiikata mraba, usikate jina la bendi, ndilo tunalolitafuta.