SINDANO NA SANTURI: JE, TUNUNUE KICHWA KIPYA CHA GHALI?

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3

Katika makala haya nataka tujifunze kuhusu kitu kidogo kisichozidi ncha ya kidole gumba, lakini ambacho kinaweza kuokoa au kuharibu nyimbo za wazee wetu. Kitu hicho ni kichwa cha sindano cha kinanda cha santuri. Mafundi hukiita katriji. Pengine utasema, "Ah, hayo ni mambo ya zamani, siku hizi tuna simu." Subiri kidogo. Nenda nyumbani Ndhiwa, Rongo, Awendo au Karungu, ufungue sanduku lililo chini ya kitanda cha nyanya. Huenda ukazikuta humo, zimefungwa kwa gazeti.

SANTURI ZILIFIKAJE KWETU?

Santuri si kitu kigeni katika Afrika Mashariki. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Huku bara, santuri zilipenya hadi vijijini kabla ya umeme, kwa vinanda vya kuzungusha kwa mkono. Mwaka wa 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba juu ya "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimesikika huko. Tazama jinsi santuri inavyoweza kuvuka bahari na kuingia katika ngoma za watu!

Kisha ikaja benga. Gitaa za benga ziliiga nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane. Daniel Owino Misiani, aliyeongoza Shirati Jazz, alizaliwa mwaka wa 1940 huko Shirati, ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, si mbali na Migori. Alifariki mwaka wa 2006 kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu. Santuri za benga zilitolewa Nairobi, na nyingine zilitolewa na duka la Chandarana mjini Kericho. Zilifika mbali hata Zimbabwe, ambako muziki wa aina hii uliitwa "kanindo" kwa jina la mtoaji santuri Oluoch Kanindo. Nyingi zilikuwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Kwa kuwa upande mmoja ulitosha dakika chache tu, wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, na mara nyingi upande wa pili ndiko gitaa zinakochachamaa.

Jambo moja tulikumbuke. Katika nyimbo hizi watu hutajwa na kusifiwa kwa majina: rafiki, mfadhili, mkwe, marehemu. Kwa hivyo santuri moja yaweza kuwa kitabu cha ukoo. Na ikiwa nakala nyingine haipo, ikikwaruzika imekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki.

KICHWA HUFANYA KAZI GANI?

Santuri ina mtaro mmoja mrefu sana unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Tufanye hesabu. Wimbo wa dakika 3 katika santuri ya mizunguko 45 ni mizunguko 135. Tukichukua wastani wa nusu kipenyo kuwa sentimita 7, mzunguko mmoja ni kama sentimita 44. Zidisha kwa 135, utapata karibu mita 59. Yaani sindano hutembea zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa kandanda kwa kila upande!

Kuta za mtaro huo zina mawimbi. Sindano ikipita hutikisika, na katriji hugeuza mtikisiko kuwa umeme. Kuna aina tatu kuu:

1. Katriji ya kauri. Ndani yake mna kipande kinachotoa umeme kikipindwa. Hutoa umeme mwingi, mia kadhaa za milivolti, basi haihitaji amplifaya ya ajabu. Ndiyo iliyokuwa katika vinanda vingi vya bei nafuu, hata vile vya betri. Ubaya wake ni kwamba hulalia santuri kwa uzito.

2. Katriji ya sumaku inayotikisika. Sindano hutikisa sumaku ndogo karibu na koili za waya. Hutoa kama milivolti 5 tu.

3. Katriji ya koili inayotikisika. Hapa koili ndiyo hutikisika na sumaku hutulia. Kwa kuwa koili lazima iwe nyepesi, waya wake ni mchache na umeme ni kidogo mno. Mfano ni Denon DL-103 ya Japani, iliyotengenezwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya watangazaji wa redio. Hutoa kama milivolti 0.3. Gawanya 5 kwa 0.3, utaona kwamba ile ya sumaku huishinda karibu mara 17.

Hizi mbili za mwisho zinafuata somo la umeme na sumaku ambalo tutalisoma Kidato cha Nne, kwa hivyo ndugu zangu wa Kidato cha Tatu msilale.

KWA NINI UZITO NI MUHIMU?

Shinikizo tulifunzwa Kidato cha Kwanza: kani gawanya kwa eneo. Katriji nzuri ya sumaku hukaa kwa uzito wa gramu 2 hivi, yaani nyutoni 0.02. Hiyo ni ndogo kama nini! Lakini sehemu ya ncha inayogusa mtaro ni ndogo zaidi. Tuikadirie kuwa mraba wenye upande wa elfu moja ya sentimita, yaani mita za mraba 0.0000000001. Gawanya, utapata paskali milioni 200. Hilo ni shinikizo la hewa mara elfu mbili! Sasa weka gramu 6 badala ya 2, eneo likiwa lile lile: ni mara tatu ya hapo. Ongeza sindano iliyochakaa ikawa na kona kama patasi, basi huchezi muziki tena, unalima.

Sindano ya almasi hudumu kama saa 500 hadi 1000. Kwa nyimbo za dakika 3, saa 500 ni pande 10,000. Sindano ya yakuti haifiki huko hata kidogo, ni makumi machache ya saa tu. Nyumbani nani huhesabu? Sindano ya kinanda cha babu ilikaa humo tangu kinunuliwe.

JE, CHA GHALI NDICHO BORA?

Hapa ndipo watu hubishana. Nitatoa mfano wa kwetu. Nyanya ana santuri kumi na mbili za babu, na katika mojawapo kaka yake babu ametajwa kwa jina. Hizo santuri hazichezwi ovyo, ni Krismasi na siku ya kumbukumbu tu. Binamu yangu anayefanya kazi Nairobi alisema tuchange pesa tununue katriji ya koili, ile ya bei kubwa kabisa. Nyanya akauliza, "Mjukuu wangu, sindano ya bei ya ng'ombe itakamuliwa maziwa?" Tukacheka, lakini swali lilikuwa la maana.

Mimi na mjomba tulipima kwanza. Hatukuwa na mizani ya kununua, tukatumia kanuni ya momenti. Rula iliegemezwa katikati juu ya penseli ya pembe tatu. Sindano iliwekwa sentimita 5 kutoka katikati, na upande wa pili tukasogeza jiwe la mizani la gramu 2 mpaka rula ikatulia. Ilitulia kwenye sentimita 20. Basi 2 × 20 = 40, na 40 gawanya kwa 5 ni 8. Gramu nane! Tukajua kwa nini gitaa zilikuwa zinakoroma.

Lakini je, kufunga katriji ya koili kungesaidia? La, kwa sababu tatu:

(a) Mkono wa kinanda kile ni wa plastiki na hauna kirekebisho cha uzito. Katriji inayotaka gramu 2 au 2.5 ingepondwa na gramu 8.

(b) Kinanda hakina amplifaya ya awali. Katriji za sumaku na koili huhitaji umeme wao ukuzwe na pia urekebishwe. Santuri inapokatwa kiwandani, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, ili mitaro isigongane na kelele zipungue. Wakati wa kucheza, lazima amplifaya ifanye kinyume chake. Kipimo hicho huitwa RIAA, na kilikubaliwa Marekani mwaka wa 1954. Ukiichomeka katriji ya sumaku penye tundu la kauri, utasikia sauti nyembamba kama ya mbu.

(c) Mkono na katriji ni kama fahali wawili wa kulima, sharti walingane. Katriji yenye sindano laini ikifungwa kwenye mkono mzito, mkono huyumba kila santuri iliyopinda inapoinuka na kushuka.

Kwa hivyo katriji ya ghali kwenye kinanda kibovu ni sawa na kumvika punda viatu vya ngozi. Fedha zina mpangilio wake: kwanza usafi, pili sindano mpya, tatu kinanda chenye mkono unaorekebishika, nne katriji ya sumaku ya bei ya wastani. Ukishafika hapo na bado una ng'ombe wa ziada, haya, nunua ile ya koili. Sikatai kwamba ni tamu. Wanaoisikia husema kila uzi wa gitaa husimama peke yake, na kwa benga yenye gitaa mbili au tatu zinazofukuzana, hilo si jambo dogo.

Sisi tuliamua hivi: kinanda cha babu kikapumzishwa. Santuri zilisafishwa zikapelekwa kwa fundi mmoja mjini Migori mwenye kinanda cha kisasa chenye katriji ya sumaku. Kila upande ulichezwa mara moja, ukanakiliwa. Sasa nyanya humsikiliza shemeji yake akitajwa kwenye simu, na santuri zenyewe zimelala salama.

HATUA ZA KUFUATA

1. Angalia ni santuri gani. Zile nzito zinazovunjika kama sahani za udongo ni za mizunguko 78, na mtaro wake ni mpana. Zinataka sindano yenye ncha nene, karibu mara nne ya ile ya 45. Usichanganye. Katriji nyingi za kauri zina pande mbili, unageuza kulingana na santuri.

2. Safisha kwa brashi laini, halafu kwa maji yaliyotoneshwa. Maji ya kisima yana chumvi, yakikauka huacha unga mtaroni. Santuri za 78 usizipake spiriti, itaziyeyusha.

3. Pima mwendo. Weka alama ya karatasi kwenye sahani uhesabu kwa saa: 45 kwa dakika moja, au 100 kwa dakika tatu kwa zile za 33 na thuluthi.

4. Pima uzito wa sindano ukilinganisha na kipimo cha mtengenezaji. Usidhani kuwa nyepesi sana ni salama. Sindano ikiruka ruka hugonga kuta na kuzibomoa.

5. Hifadhi santuri zikiwa zimesimama wima, mbali na mabati. Jua letu la Homa Bay likipiga paa, santuri hupinda kama chapati. Na vumbi la barabara ya murram ndilo msasa wa mtaro.

HITIMISHO

Mwaka wa 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko uitwao Kenya Special, wenye nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980. Watu wa ng'ambo wanazithamini nyimbo hizo, ilhali sisi tunazifanya vifuniko vya mitungi! Akija mtu nyumbani kutaka kuzinunua kwa shilingi chache, mwambie nyanya angoje kwanza zinakiliwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naam, hata ukuta huu huwezi kuujenga, maana sauti ya marehemu hairekodiwi mara ya pili.

ZOEZI

1. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na thuluthi kwa dakika. Ikicheza dakika 20, na wastani wa nusu kipenyo ni sentimita 10, mtaro wake una urefu gani?
2. Sindano iko sentimita 4 kutoka egemeo la rula, na jiwe la gramu 1 linatulia kwenye sentimita 12. Uzito wa sindano ni gramu ngapi?
3. Toa sababu mbili za kutofunga katriji ya koili kwenye kinanda cha kauri.
4. Waulize wazee wa kwenu: ni nani wa ukoo wako aliyetajwa katika wimbo wa santuri? Andika jina la wimbo, bendi, na maana ya sifa aliyopewa. Lete jibu katika mkutano wa chama.

Kwa leo kalamu yangu inatua hapo. Kwaherini.