Kona ya Dada: Mwanangu Amebadilika, Nianzie Wapi?

Mdogo wangu wa Katandala, swali lako nimelipata. Unasema kijana wako wa kidato cha tatu anarudi nyumbani macho mekundu, hataki kula na wenzake, na shangazi yake ameshakata shauri kwamba mtoto anavuta bangi. Unataka nikwambie kama ni kweli. Kwa macho mekundu peke yake siwezi kukwambia, na shangazi naye hawezi. Sisi wa Ufipa tunaishi juu, kwenye mita kama 1,800 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai baridi inatusukumia jikoni kwenye moshi wa kuni, na nyumba nzima huamka na mafua na macho yanayowasha. Hata mtoto kukwepa maji ya kuoga miezi hiyo si dalili ya lolote.

Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Alikuwa anaamka mapema, sasa analala hadi saa nne na kumwamsha ni ugomvi. Rafiki zake walikuwa wanaingia ndani na kukuamkia, sasa wanapiga mluzi barabarani naye anatoka bila kuaga. Mpira alioupenda ameuacha. Madaftari yameishia katikati ya muhula. Anajibu kwa ukali swali ambalo halikuwa na ukali. Mambo kama hayo yakija matatu au manne kwa pamoja na yakakaa mwezi mzima, una haki na wajibu wa kuuliza. Bado hujajua kama ni dawa za kulevya. Mtoto anayeonewa shuleni, aliyefiwa, au anayeugua sonona naye hubadilika hivyohivyo. Lakini wote hao wanahitaji mzazi, kwa hiyo ukimsogelea hutapoteza kitu.

Halafu angalia mahindi. Ushauri mwingi unaotoka miji mikubwa unasema chunguza pochi na simu. Kwetu hela ya nyumba haikai kwenye pochi, imo kwenye magunia. Debe likipungua leo na jingine wiki ijayo, na kila mtu nyumbani anaapa hajui, usiishie kuwalaumu panya. Angalia pia betri ya sola, blanketi jipya, jembe. Upande wa pili wa jambo hilo ni kijana mwenye hela ambayo hana maelezo nayo. Wakati wa mavuno, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) na wafanyabiashara wanaponunua nafaka, vijana wetu hupata vibarua halali vya kubeba na kupakia magunia, na wanastahili pongezi. Aliyefanya kibarua anarudi na vumbi mgongoni na anaweza kukutajia alikuwa kwa nani. Asiyeweza kukutajia, muulize kwa utulivu, na urudie kuuliza.

Kuhusu vitu vyenyewe, bangi ndiyo iliyo karibu zaidi na watoto wetu. Ukisikia ndumu, msuba au kaya, inasemwa hiyohiyo. Harufu yake hukaa kwenye nguo, na kwa kuwa watoto wetu wanavaa sweta mwaka mzima, sweta hutunza habari kuliko shati. Mvutaji anakauka mdomo, anacheka pasipo na cha kuchekesha, usiku anashikwa na njaa kubwa, anasahau ulichomtuma dakika tano zilizopita. Utakuta vikaratasi vya kusokotea, dawa ya macho ambayo hakuandikiwa na mtu, ubani unaochomwa chumbani bila ibada. Wala usitegemee pua peke yake: Dar es Salaam zimewahi kukamatwa biskuti zilizochanganywa na bangi. Mirungi, ambayo wapo wanaoiona si kitu kwa sababu jirani zetu Kenya wanaiuza hadharani, kwetu imo kwenye sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015. Anayeitafuna hukosa usingizi na hamu ya kula, na anaongea bila kituo.

Heroini, yaani unga, ina sura yake. Mboni za macho zinakuwa ndogo sana hata chumba kikiwa na giza, mtoto anasinzia katikati ya sentensi, anajikuna. Akiikosa anapata arosto: miayo, kamasi, machozi, kuhara, viungo kuuma. Mzazi atasema malaria imemrudia. Malaria ipimwe, ndiyo. Ila kama vipimo havioni kitu, na ugonjwa unakwisha ghafla kila akitoka nyumbani kwa nusu saa, tafakari tena. Vidonge kama tramadol na diazepam, na dawa za kikohozi zenye kodeini, humfanya aongee kama mlevi bila harufu ya pombe. Anayenusa petroli au gundi utamjua kwa harufu ya pumzi na vidonda kuzunguka pua na mdomo.

Na wasichana je? Barua nyingi zinazonifikia zinauliza kuhusu wavulana tu. Binti hulindwa dhidi ya mimba, halafu chupa iliyo ndani ya mkoba wake haionekani. Mwangalie naye kwa macho yaleyale.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu mtanikasirikia. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku tangu Machi 1, 2017, na wengi tulishangilia. Lakini nyumbani kwetu mtoto wa miaka kumi bado anatumwa kuleta pombe ya komoni, na njiani anaonja. Bado anawasha sigara ya babu kwa kaa la moto na kuvuta pafu la kwanza ili iwake. Mzazi anayefanya hivyo anamfundisha mtoto, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba kulewa ni sehemu ya maisha ya nyumba. Kutengeneza pombe ya ulezi ni riziki ya akina mama wengi Ufipa na siwanyang'anyi riziki hiyo. Nasema mtoto asiwe mwonjaji, wala mchukuzi, wala mwuzaji.

Sasa nije kwenye geto, ambako naona hatari kubwa kuliko zote nilizotaja. Wanafunzi wetu wengi wa sekondari wanatoka vijiji vya mbali, hosteli hazitoshi, hivyo mzazi anampangia mtoto chumba karibu na shule. Wengine wana miaka kumi na nne. Mzazi anapeleka unga na maharage mwisho wa mwezi, anapokewa na chumba kilichofagiliwa, anaondoka ameridhika. Siku nyingine zote hakuna mtu mzima anayejua mtoto amelala saa ngapi, nani alilala naye chumba kimoja, na unga wa ugali uliuzwa lini. Dalili nilizokutajia haziwezi kuonwa na mtu ambaye hayupo. Mwombe mwenye nyumba awe jicho lako, na umshukuru kwa debe la maharage. Chukua namba ya mwalimu wa darasa na uipige kabla matokeo hayajatoka. Wazazi watatu wa kijiji kimoja mnaweza kupeana zamu, kila wiki mmoja wenu afike, na safari nyingine iwe Jumatano badala ya mwisho wa mwezi.

Kuna kuchelewa kwingine ambako mkoa wetu wa Rukwa unakujua vizuri. Kijana anaanza kuongea peke yake, anasikia sauti, anadhani watu wanamwinda. Ukoo unakaa, jibu linatoka: amerogwa. Anauzwa ng'ombe, kijana anapelekwa kwa mganga, kisha kwa mganga mwingine kule Bonde la Ziwa Rukwa, na miezi inakwenda. Bangi kali inaweza kumletea kijana hali hiyohiyo, hasa aliyeanza mapema au mwenye ndugu aliyewahi kuugua akili. Huo ni ugonjwa wenye matibabu, na kadiri unavyoanza kutibiwa mapema ndivyo nafasi ya kupona inavyokuwa nzuri. Sala za padri, mchungaji au shehe ziendelee. Ila afikishwe hospitali ndani ya siku chache, na akiwa njiani asifungwe kamba.

Kuzungumza naye, usianze akiwa amelewa, wala mbele ya wadogo zake, wala baba akiwa ameshika fimbo. Kaeni mkipukuchua mahindi. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, kijana husema mambo ambayo asingeyasema mkitazamana. Mtajie ulichokiona: "Madebe mawili yameondoka, na wiki mbili hujafika shule." Usimwite teja. Usimwambie ametia aibu ukoo. Muulize inampa nini, maana wengine wanatuliza hofu au huzuni, na ukiijua hiyo umepata pa kushika. Akikataa kila kitu, mwambie utauliza tena, kisha uulize kweli. Kipigo kitamfundisha kujificha vizuri zaidi, na kumfukuza nyumbani ni kumkabidhi kwa wale waliompa.

Usimlazimishe pia kuacha ghafla ukiwa umemfungia ndani. Aliyezoea pombe nyingi au diazepam anaweza kupata degedege. Aliyeacha heroini kwa muda akarudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa siku hiyohiyo. Ukimkuta haamki, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Watajie madaktari alichotumia kama unakijua, usifiche kwa aibu.

Msaada uanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Sumbawanga, ukiulizia huduma ya afya ya akili, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, uwe Nkasi, Kalambo au bondeni. Kwa waraibu wa heroini, nchi yetu ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, na sasa huduma hiyo iko pia Mbeya. Dawa hutolewa bure, ila kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo familia ijipange: nani atakaa naye huko, na kwa ndugu gani. Kwa bangi na pombe methadoni si dawa yake. Hapo kazi kubwa ni ushauri nasaha, na kutibu ugonjwa wa akili kama upo. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina simu ya bure, 119, na masuala ya watoto yana namba yake, 116, nayo ni bure.

Mdogo wangu, na wewe baba unayesoma hili ukiwa Laela, Matai au Namanyere: kama una mtoto aliyepanga chumba karibu na shule, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda wiki hii, ukae naye jioni nzima, na ulale hukohuko.